Mlango wa tanki ukigoma kufunguka: namna ya kuufungua bila kuumiza gari

Rudisha kwanza bisibisi kwenye boksi lake. Hali yenyewe inajulikana: umesimama kwenye pampu pale Lukaya au Iganga, taa ya mafuta imeshawaka, nyuma yako taksi ya abiria inapiga honi. Umevuta leva, kijana wa pampu amegonga mlango kwa kiganja, kisha anakuambia, "Mzee, umegoma." Papo hapo anatokea mtu mwenye moyo wa kusaidia, ana bisibisi bapa mkononi, anataka kuuchokonoa kwa nje. Mshukuru, lakini mkatalie. Mlango ule ni bati jembamba. Ukipinda hata kidogo hautakaa tena sawa na bodi, rangi itabanduka, mvua za Aprili zitaanza kula chuma, na baada ya uharibifu wote huo pini inayoushika bado itakuwa palepale.

Pini ile hushughulikiwa kutoka ndani ya gari. Karibu kila mara njia ya kuifikia ni leva au buti, na mwenye subira anaweza kuifungua mwenyewe bila kukata wala kutoboa chochote.

Jinsi mlango unavyofanya kazi

Magari mengi yanayotembea Uganda yaliletwa yakiwa yametumika Japani: Premio, Wish, Ipsum, Noah, Corolla, Harrier, Forester. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yaliyotangulia bado yapo barabarani, na hata yanayoingia sasa huwa yameshatumika miaka kadhaa. Katika umri huo, springi ndogo na waya ndivyo vinavyochoka bila mtu kujua, kwa sababu hakuna anayekumbuka kuvitia oili.

Kwenye magari haya mengi, leva iko sakafuni kando ya kiti cha dereva, imechorwa picha ya pampu. Ukiivuta, inavuta waya mwembamba uliomo ndani ya ala ya plastiki. Waya unapita chini ya plastiki ya kizingiti, chini ya kapeti, kando ya kiti cha nyuma, unapanda juu ya gurudumu hadi kwenye kisanduku kinachozunguka mdomo wa tanki. Mwisho wake kuna pini. Waya ukivutwa pini inarudi ndani na kuuachia mlango, kisha kipande cha springi bapa kinausukuma mlango nje kidogo ili vidole vipate pa kushika. Pini, waya, springi. Kinachogoma ni kimojawapo kati ya hivyo vitatu, au ni bawaba.

Aina ya pili haina leva. Mlango wa mafuta hufunguka pamoja na milango mingine unapobonyeza ufunguo, kwa sababu pini inaendeshwa na mota ndogo ya umeme. Utaikuta zaidi kwenye magari ya Ulaya na kwenye baadhi ya magari mapya. Nitaifikia baadaye.

Kama hujui mlango uko upande gani, tazama geji ya mafuta: kwenye magari mengi kuna kimshale kando ya picha ya pampu kinachoelekeza upande huo. Toyota nyingi za Japani ni kushoto. Subaru ni kulia.

Sikiliza leva kabla ya kugusa kitu kingine

Hapa ndipo watu wengi wanaporuka, na hapa ndipo jibu lilipo. Zima injini, zima redio, mwambie mwenzako asimame kando ya mlango wa mafuta. Vuta leva polepole hadi mwisho, kisha iachie. Mkono wako utakuambia hali mojawapo kati ya nne.

Leva ina uzito wake wa kawaida na mwenzako anasikia "tak" nyuma, ila mlango hausogei. Hii ndiyo hali nyepesi kuliko zote. Pini inafanya kazi. Springi bapa imekatika au imeliwa na kutu, au bawaba imekauka, au gari limepigwa rangi majuzi na rangi imeushika mlango pembeni.

Leva ina uzito, inafika mwisho, lakini nyuma hakuna sauti, au sauti ni hafifu. Waya umelegea kwa umri. Unavuta, pini inarudi nusu tu, na ile nusu iliyobaki inatosha kuushika mlango.

Leva ni ngumu, haitaki kuja. Pini imekwama kwa kutu na matope, au waya umekwama ndani ya ala. Usiikaze kwa nguvu za mkono mzima. Leva nyingi ni za plastiki. Ikivunjika utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Leva ni legevu kabisa, inacheza bila uzito wowote. Waya umekatika, au umechomoka kwenye leva au kule nyuma. Ukiwa na hali hii, usipoteze muda kusukuma mlango. Nenda moja kwa moja kwenye buti.

Kwa upande wetu, sababu kubwa ninayoiona ni vumbi la marram. Kiangazi cha kaskazini, kutoka Desemba hadi Machi, barabara zisizo na lami zinatoa unga mwekundu unaoingia kila penye upenyo, pamoja na kisanduku cha mdomo wa tanki. Unakutana na grisi ya zamani, unakuwa ugandifu mzito. Mvua za kwanza zinaulowesha, jua linaukausha, na pini inabaki imejengewa humo. Wanaoosha magari kwa mashine ya presha nao wana mchango wao: maji yale yanaondoa grisi na kusukuma mchanga ndani zaidi. Waombe wasielekeze mdomo wa mashine kwenye ufa wa mlango wa mafuta.

Ukiwa bado pampuni

Njia hii inahitaji watu wawili na hutatua hali tatu za kwanza mara nyingi kuliko mtu anavyotarajia.

1. Mwenzako aubonyeze mlango kuelekea ndani kwa kiganja, upande wa pini, yaani upande ulio mbali na bawaba. Asiupige, aubonyeze na kuushikilia. Kubonyeza kunaiondolea pini uzito wa mlango unaoiegemea.

2. Wewe vuta leva hadi mwisho na uishikilie hapo. Usiiachie.

3. Mwenzako aachie mlango taratibu huku leva bado imevutwa. Ukitoka hata milimita mbili, atie kadi ya plastiki isiyo na kazi tena, ya benki iliyokwisha muda kwa mfano, kwenye ufa na kuuvuta nje. Kadi haikwaruzi rangi. Kama hakuna kadi, bandika gundi-karatasi ngumu ya kufungia maboksi katikati ya mlango, acha kipande cha kushika, na uvute moja kwa moja nje.

4. Ukikataa, nyunyizia oili nyepesi ya kopo kwenye ufa upande wa pini, kwa kile kijibomba chake chembamba. Subiri dakika kama kumi. Gonga bodi kuzunguka pale kwa upande wa ngumi, kisha rudia kubonyeza na kuvuta.

Ondoka kwanza mbele ya pampu unapofanya haya. Usivute sigara, usiwashe kiberiti kumulika kwenye ufa, tumia tochi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: unashuka na kukaa chini, mahali ambapo pua yako haiko. Na yeyote anayekuja na mashine ya kukata chuma, hata akiwa fundi wa siku nyingi, mwambie, "Hapana kaka, cheche hapa hapana."

Kupitia buti

Fungua buti na utoe mizigo ya upande ule wenye mlango wa mafuta. Kama ndani ya buti kunanuka petroli, acha kila kitu, acha wazi hewa ipite, na usiendelee mpaka ujue harufu inatoka wapi. Mpira wa mdomo wa tanki uliopasuka ni jambo la kushughulikia kabla ya mlango wowote.

Tazama kama kuna kamba ndogo au kishikio cha plastiki ukutani mwa buti, mara nyingine chenye picha ya pampu, mara nyingine kimefichwa nyuma ya kifuniko kidogo. Baadhi ya magari yaliwekewa kamba ya dharura kiwandani, na wenyewe wanaliendesha gari miaka mingi bila kuijua. Ivute taratibu kuelekea kwako. Ni plastiki iliyozeeka, usiinyakue.

Kama haipo, ondoa pazia la ukuta wa buti. Kwenye gari kama Premio ni zulia gumu linaloshikwa na klipu za plastiki. Klipu hizo zina kichwa cha katikati; kiinue kwanza, ndipo klipu nzima itoke. Ukizichomoa kwa pupa zinavunjika. Kwenye Wish au Ipsum ni ukuta mpana wa plastiki nyuma ya kiti cha mwisho, unachukua muda zaidi. Anza na kifuniko cha kufikia taa ya nyuma kama kipo, maana mara nyingine mkono unapita hapo hapo bila kuvua ukuta wote.

Ingiza mkono taratibu, bati la ndani lina makali. Vaa glavu, au funga kitambaa kwenye kiganja. Utagusa kisanduku cha mdomo wa tanki kutoka nyuma, na ubavuni mwake kuna mahali waya unapoingia. Hapo una njia mbili.

Ya kwanza: shika waya wenyewe, ule wa chuma wa ndani na si ala, kwa plaisi yenye mdomo mwembamba. Uvute kuufuata mwelekeo unaotoka kwenye mlango wa mafuta, huku mtu wa nje akiubonyeza na kuuachia mlango. Mara nyingi waya hauhitaji kusogea zaidi ya kimo cha ukucha.

Ya pili, kama waya umekatikia ndani kabisa au hakuna pa kushika: kwenye Toyota nyingi, kile kipande cha plastiki kinachoshika pini kinazungushwa robo mzunguko na kuchomoka chote, pini ikiwa humo. Kikitoka, mlango hauna kinachoushika tena. Mimi naipenda njia hii, kwa sababu unapata pini mkononi, unaiona ilivyo, unaisafisha juu ya meza badala ya kupapasa gizani.

Weka mafuta. Safari yako iendelee. Lakini usiirudishe pini ile kabla ya kuitengeneza, la sivyo utajifungia tena. Uache mlango bila pini siku hizo, na kama unalaza gari barabarani, tafuta mfuniko wa ndani, ule wa mdomo wa tanki wenyewe, ulio na ufunguo, maana wezi wa mafuta hawahitaji zaidi ya mpira na dumu.

Mlango unaofungwa kwa umeme

Hapa anza na betri. Betri dhaifu inaweza kufungua milango minne na kushindwa kusukuma mota ya mafuta. Bonyeza ufunguo kufunga na kufungua mara kadhaa huku mwenzako akiubonyeza na kuuachia mlango wa mafuta; mota iliyokwama kwa vumbi mara nyingi huachia hapo. Hakikisha milango yote imefunguliwa kweli, kwa sababu mota hii hufuata hali ya milango.

Mwenzako akiweka sikio karibu asisikie chochote, tazama fyuzi. Ramani ya fyuzi huwa kwenye kifuniko cha boksi lake au kwenye kitabu cha gari. Badilisha kwa fyuzi ya namba ileile, si kubwa zaidi. Fyuzi ikiwa nzima, nenda kwenye buti ukatafute kamba ya dharura. Magari ya aina hii mengi yanayo. Ukifika mahali pa kuchomoa mota yenyewe, toa kwanza kichwa cha betri cha upande wa hasi. Hutaki cheche ya soketi karibu na mdomo wa tanki.

Jambo moja la kuzingatia kwa wenye gari zenye mlango wa kuteleza: kwenye baadhi yake, mlango wa mafuta ukiwa wazi, mlango wa kuteleza wa upande huo umezuiwa usifunguke wote, ili usiugonge. Abiria akilalamika kwamba mlango umekwama nusu, tazama kwanza kule nyuma kabla ya kumlaumu mtu.

Kuutengeneza usigome tena

Sasa uko nyumbani au kwa fundi, mlango uko wazi, mfuniko wa ndani umefungwa sawasawa. Huufungui mfuniko huo wakati wote wa kazi hii.

Anza chini. Ndani ya kisanduku cha mdomo wa tanki, sehemu ya chini kabisa, kuna tundu la kutolea maji. Magari mengi niliyoyatazama yana tundu lililozibwa na udongo. Maji ya mvua yanakaa humo siku nzima, ndiyo maana springi na pini zinaoza. Lizibue kwa kijiti au waya laini, mwaga maji kidogo, uone kama yanatoka chini ya gari. Bila hatua hii, zilizobaki zote ni za muda.

Kisha sugua pini, bawaba na springi kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Kausha kabisa. Nyunyizia oili nyepesi kwenye pini, isukume ndani na nje kwa kidole mpaka irudi yenyewe kwa wepesi, futa uchafu uliotoka, rudia. Mwishowe paka grisi nyeupe kidogo sana kwenye ncha ya pini na kwenye bawaba. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini isikaribie hapa: inashika vumbi kuliko kitu chochote, na baada ya kiangazi kimoja utarudi ulipoanza.

Springi bapa ikiwa imekatika, itafute kwa wauza spea za mtumba. Ikichelewa kupatikana, kata kipande kidogo cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kikunje, kibandike kwa gundi ya mpira upande wa ndani wa mlango, mahali panapogusana na ukingo wa kisanduku. Mlango ukifungwa mpira unabanwa. Pini ikiachia, unausukuma nje. Jaribu unene kabla ya gundi kukauka. Ukiwa mnene mno, mlango hautafika kwenye pini.

Gari lililopita kwa fundi wa bodi baada ya ajali linaweza kuwa na shida nyingine kabisa. Tazama ufa unaozunguka mlango: ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mlango umekaa upande na pini inabanwa. Bolti za bawaba kwa kawaida zina nafasi ya kusogea. Zilegeze, panga mlango uwe sawa pande zote, zikaze. Rangi nene iliyoganda kwenye tundu la pini ikwangue kwa kisu taratibu.

Kwa mfuniko wa ndani wenye ufunguo, ule wa lori au wa boda kama Bajaj Boxer, tabia ni hiyohiyo: vumbi ndani ya kitasa. Usizungushe ufunguo kwa plaisi, utakatikia humo. Kwangua unga wa risasi ya penseli, upake ufunguo, uingize na kuutoa mara nyingi kabla ya kuzungusha.

Kubadilisha waya

Waya uliokatika hauungwi. Nimeona walioufunga fundo, na fundo linakwama ndani ya ala katika siku mbaya. Chukua waya wa zamani mkononi unapokwenda kwa wauza spea wa Ndeeba au Katwe, Kampala, kutafuta mwingine, pamoja na namba ya aina ya gari iliyo kwenye kibati chake: Wish ya ZNE10 na Premio ya NZT240 zote ni Toyota, lakini usidhani waya wao ni mmoja. Linganisha urefu, umbo la ncha mbili, na mahali klipu za ala zilipo. Uvute waya mpya dukani, mbele ya muuzaji. Ukikwaruza ndani ya ala, uuache.

Kabla ya kuutoa wa zamani kutoka chini ya kapeti, funga uzi imara kwenye ncha yake ya nyuma. Unapouvuta mbele, uzi unaufuata njia yote. Kisha funga waya mpya kwenye uzi na uuvute kurudi nyuma. Bila uzi huo utavua kizingiti, kiti na nusu ya kapeti.

Ukifunga ncha ya leva, acha nafasi ndogo tu ya kulegea. Ukikazwa mno, pini haitatoka vya kutosha na mlango utajifungua njiani. Ukilegea mno, umerudi kwenye lile tatizo la pini inayorudi nusu.

Kabla ya kurudisha pazia la buti, weka kamba yako mwenyewe ya akiba. Chukua uzi wa nailoni, ufunge kwenye waya wa ndani karibu na pini, uupitishe ukutani mpaka mahali mkono wako utakapoufikia bila kuvua kitu, na ufunge kifundo mwishoni. Uache ulegee kabisa, usiwe unaivuta pini wakati wote. Kwa mtu anayekwenda Kasese na Mpondwe usiku, au Arua na familia, uzi huu una thamani kuliko kopo zima la oili.

Funga mlango, ufungue kwa leva mara nyingi mfululizo. Kisha ufunge tena na uufungue kwa kamba, leva isiguswe. Njia zote mbili zikiitika, rudisha klipu za buti. Ukiwa bado na nusu tanki, pita kwenye pampu iliyo karibu na nyumbani uongeze kidogo, ili kama kuna kilichosahaulika kijulikane hapo, na si Karuma.